Aliposema Nimelala

Madereva wa ile kampuni ya mizigo walikuwa na jina lao la kamera. Waliiita mbea. Kila lori lilikuwa na mbea wake, kidude cheusi kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, chenye jicho moja la kutazama barabara na jingine la kumtazama dereva usoni. Mbea hakuwa na likizo wala haya. Ukikanyaga breki kwa hasira, anasema. Ukishika simu, anasema. Ukipiga mwayo uliozidi kipimo, anasema vilevile, tena hasemi kwa jirani. Anapeleka habari moja kwa moja ofisini, kwa binti mmoja mpole aliyekaa katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya matairi.

Binti huyo walimwita Bi Kioo, kwa kuwa kutwa uso wake ulikuwa kwenye vioo viwili vya kompyuta. Mashine ilimletea vipande vifupi vya video, naye akavitazama kimoja kimoja na kukipa kila kimoja jina. Majina yenyewe yalikuwa machache, yamepangwa pembeni mwa kioo: Breki ya ghafla. Simu. Mwendo mkali. Usingizi. La mwisho, ambalo alilibonyeza kuliko yote kwa sababu ya huruma, lilikuwa Haionekani vizuri. Akishabonyeza, kipande kinakwenda kwa meneja wa usalama, na kutoka hapo dereva ama anaitwa ama anaachwa aende zake.

Hakuwa msemaji. Hata chuoni alikuwa mtu wa viti vya nyuma, yule ambaye mwalimu humkuta kwenye matokeo na kujiuliza huyu ni nani. Madereva waliopita dirishani pake walimtania kwa sababu walijua hajibu.

"Bi Kioo, jana nilikaa vizuri kwenye picha?"

"Bi Kioo, ukinisikia naimba usimwambie mke wangu. Nyumbani nimemwambia sijui kuimba."

Naye huinamisha kichwa, akacheka na kibodi yake.

Kazi ile alitafutiwa na mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, dereva wa siku nyingi hapohapo. Mjomba ndiye aliyemlea, ndiye aliyemsomesha, na chumba alicholala kilikuwa ndani ya nyumba ya mjomba. Pale yadi mzee alijulikana kwa jina la Taratibu. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari. Walisema ukimpakia Mzee Taratibu mayai, atakufikishia vifaranga.

Sasa huyo Taratibu ndiye aliyeangusha lori.

Ilikuwa mchana, mvua ya rasharasha, kwenye kona ya kushukia daraja. Lori lenye mifuko ya saruji liliacha lami, likaenda kuanguka ubavu juu ya pikipiki iliyoegeshwa pembeni. Mwenye pikipiki alikuwa ameingia vichakani kujisaidia. Yadi nzima ilicheka kwamba haja ndogo imeokoa roho kubwa, na walicheka kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili, kama watu wanavyocheka wakiwa wametishika. Mzee alitokea kwenye kioo cha mbele kilichovunjika, bega limeteguka na nyusi moja imepasuka.

Kipande kikamfikia Bi Kioo. Meneja alikuja na kusimama nyuma ya kiti chake, karibu kiasi kwamba alisikia harufu ya pasi kwenye shati lake.

Jicho la nje lilionyesha barabara nyeusi na waipa zikienda na kurudi. Kona ilikuja. Lori halikukata. Lilisogea pembeni polepole, bila haraka yoyote, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi ili kumpa mwenzake nafasi. Jicho la ndani, likitazama kutoka juu, lilionyesha kofia iliyoficha uso hadi puani na kidevu chini yake. Madereva wote walivaa kofia namna ile, kumkomesha mbea. Kisha kikaja kishindo, picha ikapinduka, vumbi la saruji likajaa kila mahali. Baada ya hapo kimya, na maji yakidondoka. Ndipo ikasikika sauti ya mjomba, ya chini, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

"Nimelala. Jamani, nimelala."

"Rudisha," alisema meneja.

Akarudisha.

"Amesema nini hapo?"

"Amesema nimelala."

"Ndivyo na mimi nilivyosikia." Meneja alipumua, si kwa furaha. Hakuwa mtu mbaya; alitoka kwenye kazi za bima, na bima ilimfundisha kwamba mtu akishakiri, unafunga faili. "Najua ni mjomba wako. Ningempa mwingine kipande hiki, lakini sina mwingine. Andika ulichosikia. Kikao kitakaa wiki hii, na ikithibitika alisinzia, hatashika tena usukani hapa. Wala kwingine kokote kwenye kampuni yenye akili zake."

Alipoondoka, Bi Kioo alivua spika za masikioni, akazishika mapajani. Aliwaza nyumba ile bila usukani wa mjomba. Mke wa mjomba, ambaye yeye alimwita Anti, alikuwa amepooza upande mmoja na hakuwa akinyanyuka kitandani. Dawa zake, maziwa yake, mtu wa kumnyoosha viungo, vyote vilipanda lori la mjomba asubuhi na kurudi nalo jioni. Lakini si hayo tu. Mashine ilikwisha kumletea vipande vya mjomba kabla ya ajali, kidevu kinashuka chini ya kofia, kinapanda, kinashuka tena. Kila mara alijiambia ni kofia tu, akabonyeza Haionekani vizuri.

Jioni ile alimkuta mjomba ameketi kando ya kitanda cha Anti, sebuleni, mahali walipokihamishia ili mgonjwa aone watu wakipita dirishani. Plasta kubwa ilikuwa juu ya jicho lake. Alikuwa akimmenyea Anti chungwa kwa mkono mmoja na meno.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umenye wewe, mimi namnywesha maji ya meno yangu."

Anti alicheka kwa nusu ya mdomo. Binti alichukua chungwa. Mjomba alimtazama akimenya, kisha akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Mbea amesema nini?"

"Mjomba, nimekatazwa kusema."

"Basi usiseme. Kazi ni kazi."

Alikuwa na mifuko chini ya macho ambayo ungeweza kubebea sukari. Binti alijua ilikotoka. Kila usiku alisikia kitanda cha chuma kikilia sebuleni: mjomba anaamka, anamgeuza mkewe ubavu wa pili ili ngozi isioze, anarudi kwenye mkeka wake, na kabla usingizi haujakolea anaamka tena. Alikuwa akifanya hivyo tangu Anti alipoletwa kutoka hospitali.

"Leo niachie mimi nimgeuze," binti alisema. "Bega lako bado bovu."

"Wewe kazi yako ni macho. Macho yasipolala, hayaoni. Nenda kalale."

"Lakini mjomba..."

"Nimesema kalale, mama."

Alipomwita mama, mazungumzo yalikuwa yamefungwa. Akaenda kulala, na kweli akalala, jambo lililomwuma asubuhi kuliko kama angekesha.

Kikao kilikaa kwenye chumba cha meneja. Mjomba aliketi ukutani, kofia magotini. Pembeni yake alikuwepo mwenyekiti wa madereva, bonge la mtu waliyemwita Injini, kwa kuwa hata akinong'ona vikombe vilitetemeka. Meneja alipiga kipande kile, sauti juu kabisa. Nimelala. Jamani, nimelala.

"Mnasikia wenyewe," alisema. "Mimi sina la kuongeza."

Injini alijikuna kidevu. "Bosi, nikuulize. Lile lori la sukari la mwezi uliopita, pale mlimani, lilifanya nini?"

"Lilianguka."

"Kwenye taarifa tuliandika nini?"

Meneja hakukumbuka.

"Tuliandika limelala. Na mtu wa kreni nilimpigia simu mimi mwenyewe. Nilimwambia njoo na mnyororo mrefu, limelala upande wa dereva. Hakuniuliza limeota ndoto gani."

Mtu mmoja alicheka mlangoni, akajifanya amekohoa.

"Lori linalala," Injini aliendelea. "Na dereva wa lori lililolala anasema nimelala. Hivyo ndivyo tunavyosema. Mimi unayeniona hapa nimelala mara mbili tangu nianze kazi hii, na mara zote mbili macho yangu yalikuwa makavu kama ya mjusi."

"Kiswahili ni kimoja, Mwenyekiti."

"Ni kimoja, bosi. Lakini kikipanda kabini kinakunja miguu."

Meneja alitabasamu bila kupenda. Kisha akageuza kiti. "Bi Kioo. Wewe ndiye unayewasikiliza hawa kila siku. Ni kweli wanasema hivyo?"

Vichwa vyote vilimgeukia. Binti alihisi shingo yake ikipata moto. Swali lenyewe halikuwa gumu. Alikwisha kuwasikia wakisema hivyo mara nyingi, hata watani wakitishana: leo utalala pale kwenye kona, shauri yako.

"Ni kweli," alisema. "Wanasema hivyo."

"Na hapa? Huyu alimaanisha ipi?"

Alimtazama mjomba. Mjomba alikuwa akikagua ukingo wa kofia yake, kama fundi anayetafuta mshono uliofumuka. Hakumpa ishara yoyote. Laiti angalau angeinua uso.

"Alisema baada ya lori kuanguka," binti alisema polepole. "Sio kabla. Lori lilikuwa limeshalala."

Kila neno lilikuwa kweli. Alijua hivyo, na alijua pia kwamba ameyapanga kama mtu anayepanga matunda mazuri juu ya kikapu. Meneja alifikiri, akaguna, akamwambia aandike. Akaandika kwamba dereva anasikika akieleza lori limeanguka ubavu, na kwamba barabara ilikuwa inateleza. Mzee Taratibu akarudishiwa usukani. Meneja aliweka sharti moja tu, kwa madereva wote: kuanzia siku ile, marufuku kuvaa kofia ndani ya gari.

Madereva walimshangilia binti hadi akakosa pa kuweka uso. "Bi Kioo," mmoja alimwambia dirishani, "siku nikisema nimekufa, wewe andika injini imezima." Wakacheka, wakagonganisha mikono. Alijilazimisha kucheka nao, kisha akarudi kwenye vioo vyake.

Walirudi nyumbani pamoja kwa miguu, yeye na mjomba. Mzee alianza kusema walipopita karakana ya mwisho.

"Umenitetea, mwanangu. Ahsante."

"Nilisema kilichokuwepo, mjomba."

"Ndiyo." Alitembea kidogo. "Ila nikuambie jambo. Mimi mwenyewe sijui nilisema ipi."

Binti alisimama.

"Nakumbuka waipa," mjomba alisema. "Kisha nakumbuka maji yananidondokea shingoni, na mlango uko juu kama tundu la paa. Hapo katikati sina kitu. Nimepatafuta, sipaoni." Alizungumza kwa upole, kama anayeeleza kifungo kilichopotea. "Labda Injini amesema kweli. Labda nililia lori. Labda nilijililia mwenyewe."

"Basi usirudi kwanza. Omba likizo. Pumzika."

"Nikapumzikie wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kwa dhati.

Akarudi barabarani. Bega likapona, plasta ikatoka, kovu jembamba likabaki kwenye nyusi. Na kwa sababu kofia zilikuwa zimepigwa marufuku, Bi Kioo sasa alimwona mjomba wake uso mzima, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayechungulia dirishani kwa mwenyewe asiyejua. Uso wa mtu aliye peke yake ni kitu kingine. Nyumbani mjomba alikuwa na tabasamu lake la kugawa. Kabini hakuwa nalo. Alionekana mzee. Binti akawa anavitazama vipande vyake kwa haraka, roho juu, akitafuta sababu ya kuvipitisha. Vingi vilikuwa na sababu: shimo barabarani, mbuzi, gari la mbele limesimama ghafla.

Kisha kikaja kimoja ambacho hakikuwa nayo.

Kulikuwa kumekauka siku hiyo, jua la asubuhi limeshapanda, barabara imenyooka kama rula. Mjomba alikuwa akipigana. Aling'ata mdomo. Alijipiga paja. Alifungua kioo, upepo ukamchezea kola ya shati. Akaanza kuvuma wimbo kwa pua, ukafika katikati, ukapungua, ukakatika. Macho yake hayakufumba ghafla. Yalishuka kwa heshima, kama mtu anayeomba radhi, yakafika chini, yakabaki hapo.

Kwenye jicho la nje lori lilianza kusogea pembeni. Polepole, vilevile kama siku ya mvua. Mbele yake, ukingoni mwa lami, alikuwepo mtu wa baiskeli aliyefunga kreti za mikate nyuma ya kiti. Mgongo wake ulikua, ukakua. Aligeuza kichwa. Binti aliona mdomo ukifunguka, kisha baiskeli ikaruka kuelekea mtaroni, gurudumu moja hewani, na mwanamume yule akatoka kwenye picha kwa upande wa kushoto.

Lori likapita. Gurudumu lilipogusa changarawe, mjomba alizinduka, akarudisha usukani, akajiweka sawa kitini. Akaendelea kuvuma wimbo wake, kuanzia pale ulipokatikia.

Hakujua. Hakumwona mtu wa baiskeli kabla, wala baada.

Binti alirudisha kipande na kusikiliza tu, macho ameyafumba. Alitafuta kishindo. Hakukuwa na kishindo. Mngurumo wa lori, upepo, wimbo wa pua. Akajishikiza hapo: hakuna kishindo, basi hakuguswa. Mkono wake ulikuwa umeshaupeleka mshale kwenye Haionekani vizuri, kwa mazoea tu, kama mkono unavyojua njia ya swichi gizani. Akautazama ule mshale. Uso wa mjomba ulikuwa umejaa kioo kizima, kila mkunjo, kila mvi ya nyusi. Katika vipande vyote alivyowahi kuvitazama hakuna kilichokuwa kinaonekana vizuri kuliko hicho.

Alibonyeza Usingizi. Kipande kikaondoka.

Kisha akachukua simu yake ya mkononi na kumpigia, ingawa kumpigia dereva aliye safarini lilikuwa kosa lenye jina lake kwenye orodha ileile.

"Mwanangu? Anti ana nini?"

"Anti hana kitu. Mjomba, simama pembeni."

"Kuna askari?"

"Simama tu, tafadhali."

"Nina mzigo wa watu hapa, nimeshachelewa, nitasimama wapi..."

"Mjomba, umelala."

Injini ya lori ilinguruma masikioni mwake.

"Nimelala," alisema mjomba. Haikuwa wazi kama anauliza.

"Umelala. Kulikuwa na mtu wa baiskeli. Alijirusha mtaroni."

"Yuko hai?"

"Hukumgusa. Nimesikiliza, hukumgusa."

"Sikumwona."

"Najua."

"Sikumwona kabisa, mwanangu."

"Najua, mjomba."

"Umeshaandika?"

"Nimeandika."

"Umeandika ipi?"

Alijikaza. "Usingizi."

Alisikia indiketa ya lori ikianza kulia, tik, tik, tik, na mwendo ukipungua. "Haya," alisema mjomba. "Nasimama."

Walimwachisha kazi bila kikao. Hakukuwa na neno la kubishania. Gari dogo la kampuni lilipita barabara ile, likakuta mikate mtaroni na baiskeli yenye gurudumu lililopinda, mwenyewe hayupo. Watu wa karibu walisema aliondoka akichechemea na kutukana, na kila mtu pale ofisini aliona kutukana kule ni habari njema. Meneja alimwita Bi Kioo, akamwambia amefanya kazi ngumu. Hakuuliza kuhusu vipande vya nyuma. Angeuliza, binti angemwambia. Alisubiri aulizwe siku kadhaa, akaona haulizwi, na jambo hilo likabaki kwake mwenyewe.

Madereva waliacha kumtania. Walipita dirishani wakitazama matairi. Injini peke yake ndiye aliyesimama, siku moja, akaweka viwiko vyake viwili kwenye kizingiti.

"Mimi nilimpigania kwa neno," alisema, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa sijui. Nilikuwa nadhani."

"Hata mimi nilikuwa nadhani." Akapangusa kizingiti kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi. "Sasa nikipanda gari najikuta naogopa kupiga mwayo. Haya, baki salama, Bi Kioo."

Nyumbani mjomba hakumsema. Hilo ndilo lililokuwa zito. Alimwitikia shikamoo, alimwachia kipande kizuri cha nyama, aliuliza kazi ilikwendaje kama zamani. Mchana, binti alipokuwa na zamu fupi, alimkuta amesinzia kitini kando ya kitanda, kinywa wazi, Anti akimpepea nzi kwa ule mkono wake mmoja mzima. Anti aliweka kidole mdomoni, ishara ya kwamba asimwamshe. Yule binti akavua viatu, akapita kwa ncha za vidole.

Kabla mwezi haujaisha mjomba akapata lori. La mchanga, la mtu binafsi, bovu, lenye mlango mmoja uliofungwa kwa waya. Alitoa habari hiyo wakati wa chakula akiwa amelishikilia bakuli la uji wa Anti.

"Lina kamera?" binti aliuliza, na akajutia swali kabla halijamalizika.

"Halina hata honi."

"Mjomba, sasa nani atakuona?"

"Nimeonwa vya kutosha, mwanangu." Alimpa Anti kijiko kingine, akamfuta kidevu. Hakukuwa na hasira katika maneno yale. Yalikuwa yamechoka tu.

Binti alitazama sahani yake. Shingo yake ilipata moto, kama siku ya kikao, kama siku zote alizowahi kutakiwa kufungua mdomo mbele ya mtu.

"Basi usiku Anti namgeuza mimi."

"Tulishazungumza. Wewe macho yako..."

"Macho yangu ni yangu, mjomba."

Hakuwahi kumkatiza maishani mwake. Anti aligeuza kichwa kwenye mto. Mzee alishusha kijiko, akamtazama mpwa wake, na uso wake ukalegea kama binti alivyowahi kuuona kwenye kioo tu, asubuhi ile ya jua, kabla macho hayajashuka.

"Usimvute ule mkono uliokufa," alisema mwishowe. "Unapitisha kiganja chini ya bega, kingine kwenye nyonga, unavuta vyote kwa pamoja. Mto mmoja kati ya magoti. Na kabla hujamgusa, mwambie unamgeuza. Hata kama amelala. Ana haya, huyu."

Akainuka, akachukua mkeka wake na kuupeleka chumba cha nyuma. Usiku huo na siku zilizofuata hakuamka hata mara moja. Binti alimsikia akikoroma kupitia ukuta, mkoromo mzito wa mtu anayelipwa alichonyimwa, naye akiwa amesimama gizani, mkono mmoja kwenye nyonga ya Anti, akisema kwa kunong'ona, "Anti, nakugeuza."

Alfajiri lori la mchanga lilikuwa likikohoa nje, likakataa, likakohoa tena, likaondoka. Alilisikiliza hadi likamezwa na kelele za mji. Baada ya hapo hakuwa na namna ya kujua lolote hadi jioni.

Kazini, magari ya kampuni yalikuwa vidoti vya kijani vikitembea kwenye ramani, kila kimoja na dereva wake. Hakuna kidoti cha lori la mchanga. Chumba kilikuwa na joto, na feni ilivuma wimbo mmoja usio na mwisho. Kipande kikaja: dereva kijana, barabara nyeupe kwa jua, mkono juu ya usukani. Alikitazama hadi mwisho. Kidole chake kilikuwa kimeshapanda kubonyeza jina, ndipo alipogundua hajui ameona nini. Alikumbuka mkono. Alikumbuka barabara. Hapo katikati hakuwa na kitu.

Akajimwagia maji ya chupa kwenye kiganja, akajipaka usoni, akakirudisha kipande mwanzo.